Karatasi za Nyumbani Zisipotee

Tumeona wajane wakizungushwa ofisi hadi ofisi kwa sababu marehemu peke yake ndiye alijua karatasi ziko wapi. Mwingine alikuwa amezipiga picha kwa simu, lakini namba ya siri akaenda nayo kaburini.

Hati ya shamba ikipotea, sheria ya 2012 inataka kiapo, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kungoja siku 60. Hiyo ni pesa na muda. Basi tufanye hivi:

1. Hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo tuvitie katika faili ya plastiki, ndani ya sanduku, mbali na mchwa na paa linalovuja.

2. Tupige picha kila karatasi, nayo ikae katika simu mbili, ya baba na ya mama. Picha hutunza namba. Haishiki nafasi ya hati yenyewe.

3. Tuandike kwa daftari: karatasi gani, namba gani, iko wapi.

Mkutano ujao tuulizane: nikiondoka leo, nani nyumbani anajua sanduku liko wapi?