Mwili Unapoikataa Dawa ya CT Scan

Wagonjwa wengi wanaopimwa CT Scan huchomwa kwanza dawa ya kontrasti, yenye madini joto, ili mishipa ya damu na uvimbe vionekane vizuri kwenye picha. Dawa ikiingia, joto husambaa mwilini ghafla, mdomo huwa na ladha ya chuma, na wengine hudhani wamejikojolea. Hayo ni ya kawaida, na hupita upesi.

Mzio ni jambo jingine. Huanza kwa mwasho, chafya au mabaka ya kuvimba kwenye ngozi. Wengi huishia hapo, wakatulia kwa kuangaliwa tu au kwa kidonge cha mzio. Wachache huzidiwa: sauti inakauka, kifua kinabana, shinikizo la damu linaporomoka. Katika utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 1990, wenye wagonjwa zaidi ya 337,000, madhara makali yaliwapata takriban 4 katika kila 10,000 waliopewa kontrasti za kizazi kipya.

Kwa hao, dawa ya kwanza ni adrenalini. Mtu mzima huchomwa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Oksijeni na dripu huenda sambamba. Hatari ni kuanza na haidrokotisoni kisha kungoja: dawa hiyo huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na koo linaloziba halina saa hizo.

Kuna swali ambalo wagonjwa bado huulizwa: "Unadhurika na pweza au kamba?" Halisaidii. Mzio wa kamba hutokana na protini zake. Ungekuwa wa madini joto, mtu huyo asingegusa hata chumvi ya dukani. Swali lenye maana ni hili: umewahi kuchomwa kontrasti, na ilikufanyaje? Aliyewahi kudhurika ndiye aliye hatarini zaidi. Akijua jina la dawa ile alitaje, maana kubadilishiwa aina nyingine hupunguza hatari. Mwenye pumu naye aseme.

Madhara makali mengi hujitokeza ndani ya dakika 20. Kwa hiyo picha ikishapigwa, usikimbilie daladala. Kaa hospitalini nusu saa, na ukihisi mwasho au koo kukaza, mwite mhudumu papo hapo.