Beseni la Nepi na Mgeni wa Mzazi

Mwanamke akijifungua, watu huja. Hilo halijabadilika, iwe Tanga au Kisumu, wala halielekei kubadilika. Kilichobadilika ni wanachokuja nacho na wanachokiacha wakishaondoka. Si zamani sana, mgeni wa mzazi alikuja na doti ya kanga, kuku, kilo kadhaa za mchele na mche wa sabuni, kisha akajifunga kibwebwe akaingia jikoni. Leo, hasa mijini, anakuja na furushi la pampasi, maputo ya rangi ya dhahabu na maua ya plastiki ndani ya karatasi ya nailoni. Anapiga picha na mtoto, anakunywa soda, anaaga. Wahubiri wa mazingira wakiyatazama mabadiliko haya huviona vitu tu: kitambaa kimetoka, plastiki imeingia, basi kitambaa kirudishwe. Nadhani wanatazama pasipo. Nepi ya kutupa haikuja kuchukua nafasi ya kitambaa. Ilichukua nafasi ya mtu aliyekuwa akikifua.

Tuangalie mila yenyewe ilivyokuwa ikifanya kazi, maana watu wengi huisifu bila kuichungulia ndani. Pwani, mzazi huhesabiwa siku arobaini. Katika siku hizo hatoki, hapiki, hateki maji. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja tumboni, analetewa uji uliotiwa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji. Mimba ya kwanza aghalabu humrudisha mwanamke kwao, ili mama yake na shangazi zake wawe karibu. Ukipanda Kilimanjaro utakuta mtori, ndizi zilizopondwa pamoja na nyama mpaka zikalainika; kwa Wakikuyu utakuta njahi. Majina ya vyakula yanatofautiana, mpango ni ule ule: mzazi ni mtu wa kulishwa. Na kumlisha mzazi ni kumlisha mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, na hakuna chakula cha mtoto kinachoacha taka kidogo kuliko hicho: hakina kopo, hakichemshiwi maji, hakisafirishwi kwa meli. Kenya ilipotunga mwaka 2012 sheria ya kudhibiti matangazo na uuzaji wa maziwa mbadala, ilifanya jambo la maana. Lakini sheria haipiki. Mama asiyekula vizuri, asiyelala, anayeosha vyombo akiwa na siku nne tangu ajifungue, atalifikia kopo mapema hata kama hakuna bango lolote lililomshawishi. Kwa hiyo hotpoti ya supu inayobebwa na jirani kuvuka barabara ni jambo la mazingira kuliko nguo ya mtoto iliyoandikwa kwamba imetengenezwa kwa pamba asilia.

Kanga nayo itazamwe kwa karibu. Huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, mnunuzi akavikata na kuvipinda mwenyewe. Ikiwa mpya ina wanga, imekakamaa, maji yanateleza juu yake, na kwa mtoto mchanga haifai kitu. Inahitaji kuvaliwa, kufuliwa na kuanikwa mara nyingi mpaka ilegee na kuanza kunywa maji. Ndiyo maana mgeni alimletea mzazi kanga mpya ya kuvaa yeye, na bibi akafungua sanduku kutoa zile kuukuu za kumvisha mtoto winda. Kipande kimoja kilianza maisha yake kama vazi la kutokea, kikawa la nyumbani, kikawa mbeleko, kikachanwa kuwa nepi, na rangi ilipokwisha kabisa kikawa tambara la kushikia sufuria, kisha dekio. Hakuna hatua hata moja iliyopangwa kwa ajili ya kuokoa dunia. Ila Waswahili walikithamini kitambaa kiasi cha kukiingiza katika mambo ya ndoa: mwanamume anapooa hutoa mkaja na ubeleko kwa upande wa mama wa binti, kumbukumbu ya nguo iliyomfunga tumbo na nguo iliyombeba mtoto. Miaka ishirini imepita, na nguo ile bado inadai haki yake.

Sasa, je, kitambaa kweli ni bora? Wenye kupenda mila hujibu ndiyo haraka haraka, na hapo ndipo hujikwaa. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa mwaka 2008 ripoti iliyolinganisha nepi za aina zote mbili kwa mtoto wa miaka miwili na nusu. Nepi za kutupa zilikadiriwa kusababisha takriban kilo 550 za gesijoto. Za kitambaa, kwa matumizi ya kawaida ya Waingereza, takriban kilo 570. Yaani kitambaa kilishindwa, japo kidogo. Watengenezaji wa nepi za kutupa wana kila sababu ya kuukumbuka ukurasa huo. Lakini ripoti hiyo hiyo ilieleza ni nini kinachokiharibia kitambaa: mashine ya kufulia inayoendeshwa ikiwa nusu tupu, maji yanayopashwa moto kupita kiasi, na mashine ya kukaushia. Nepi zikifuliwa nyingi kwa pamoja, zikianikwa nje, na zikatumika tena kwa mtoto wa pili, mzigo hupungua kwa kama asilimia 40. Kuanika nje mwaka mzima ni ndoto kwa hali ya hewa ya Uingereza. Kwetu si ndoto. Kamba iliyofungwa kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, jua la saa tano, na mtoto wa pili anayerithi ya wa kwanza ni mambo ya kila siku kutoka Lamu mpaka Mtwara. Somo ninalolipata hapo si kwamba sisi tuna jua na wao hawana. Ni kwamba ubora wa kitambaa haumo ndani ya kitambaa. Umo katika namna kinavyofuliwa, na kufua kuna mtu.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo ni zito. Mama wa leo amepanga chumba ghorofa ya tatu, bomba la mtaa linatoka maji siku mbili kwa wiki, siku nyingine ananunua dumu la lita ishirini na kulipa mtu wa kulipandisha. Mtoto mchanga anaweza kulowesha nepi kumi kwa siku. Ukimwambia mwanamke huyu, pengine ana mshono wa upasuaji, ainamie beseni kwa ajili ya vizazi vijavyo, unamfanyia ukatili kwa lugha nzuri. Pampasi zilimpunguzia dhiki, na mwenye kuzilaani bila kulitaja hilo hajawahi kushika nepi. Nakubali yote hayo. Ila pingamizi hili linajengwa juu ya dhana moja ambayo mila haikuwa nayo, kwamba mwenye kufua ni mzazi. Katika arobaini, mzazi hakufua hata leso. Beseni lilikuwa la wifi, la mdogo mtu, la jirani aliyekuja kutoa hongera akakuta nguo zimelowekwa. Mgeni huyo alipoacha kuinama, kazi ilimrudia mama peke yake, na mama peke yake akafanya jambo la busara: akanunua kitu kisichofuliwa.

Tena kazi haikuisha, ilihama. Nepi ya kutupa ni tabaka za plastiki, nyuzi laini za mbao, na chembe zinazovimba zikinywa mkojo. Ikitoka chumbani huingia mikononi mwa mtu mwingine. Huishia kwa kijana anayechambua taka Dandora, jaa la Nairobi lililotangazwa kujaa tangu 2001 na bado likaendelea kupokea magari, au Pugu Kinyamwezi kwa upande wa Dar es Salaam. Pasipopita gari la taka, huingia kwenye shimo la choo, ambalo hujaa kabla ya wakati wake na mwenye nyumba akaanza kugombana na wapangaji, au huchomwa uani jioni na moshi wake ukaingia dirisha la jirani, ambaye huenda naye ana mtoto mchanga. Hiyo ndiyo hesabu inayokosekana tunaposema pampasi zimeondoa kazi. Hata hivyo sidai zipigwe marufuku nyumbani. Usiku, safarini, siku za mvua mfululizo wakati hakuna kinachokauka, zitumike. Mtoto anayevaa kitambaa mchana na ya kutupa usiku amepunguza sehemu kubwa ya taka yake, na mama yake amelala.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanawake wenyewe, nalo nalipa uzito kuliko la kwanza: mila hii iliendeshwa kwa jasho la wanawake lisilolipwa, na wanawake hao sasa wako kazini. Wifi ni karani wa benki, shangazi ana genge Mabibo, mdogo mtu yuko chuoni. Kweli kabisa. Lakini kwa nini orodha ya wasaidizi iishie hapo? Sheria ya kazi ya Tanzania inampa baba siku tatu za likizo ya uzazi. Ya Kenya inampa wiki mbili. Siku tatu zinatosha kutoka hospitali na kununua dawa. Na mgeni wa kiume naye ana desturi yake ya ajabu: hukaa barazani, huuliza mtoto anaendeleaje, huchomeka bahasha chini ya kikombe na kuondoka akiwa ametimiza wajibu. Atasema mwanamume haingii chumba cha mzazi, na haya hiyo ina maana yake. Sawa, asiingie. Bomba liko nje. Kamba ya nguo iko nje. Dumu la maji halina jinsia, na kulipandisha ghorofa ya tatu ni msaada ambao mama wa mtoto ataukumbuka kuliko hereni alizoletewa binti yake wa siku sita.

Wapo pia wanaosema mila yenyewe si safi, na hao sibishani nao sana. Maji ya kukanda yaliyochemshwa kwa mkaa siku arobaini ni miti, na moshi wa jiko ndani ya chumba cha kichanga ni madhara matupu. Msururu wa wageni wanaopokezana mtoto na kumbusu usoni huleta mafua na mabaya zaidi. Basi maji yachemshwe nje au kwa gesi, sufuria ifunikwe, mikono ioshwe, na mtoto asipokezwe kama sahani ya tende. Mila hufaa kwa kupunguzwa mahali fulani. Hii ipunguzwe wageni wa kutazama.

Mfano wa karibu wa jinsi tabia hubadilika ni mifuko ya plastiki. Zanzibar iliikataza 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kila mahali kulikuwa na malalamiko kwamba haiwezekani, na kila mahali watu walienda sokoni wiki iliyofuata. Iliwezekana kwa sababu kapu lilikuwa bado lipo, limetundikwa nyuma ya mlango likisubiri. Nepi haiwezi kufuata njia hiyo kwa amri ya waziri, kwa kuwa aliyekuwa akifua hasubiri nyuma ya mlango. Inabidi arudishwe kwanza, kisha kitambaa kitamfuata chenyewe. Pwani sahani ya jirani hairudishwi tupu. Huwekwa chochote, hata maembe mawili. Msaada wa uzazi ulizunguka vivyo hivyo. Aliyefuliwa mwaka huu alifua mwaka uliofuata, na hakuna aliyeandika deni.

Chombo cha kuurudisha mzunguko huo tayari tunacho mfukoni. Mara tu habari za ujauzito zinapotangazwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, mweka hazina huteuliwa, na majina ya waliotoa mchango hubandikwa kila jioni kwa mpangilio unaoweza kuonewa wivu na maofisa wa kodi. Fedha hizo kwa kawaida huishia kwenye keki, mapambo na marundo ya pampasi za saizi ambayo mtoto ataivuka baada ya wiki chache. Kundi lile lile linaweza kuandika zamu: nani analeta supu, nani anafua, nani ananunua madumu mawili, nani ana nguo za mtoto aliyekwisha kukua na azilete zikiwa zimepigwa pasi. Nguo zilizovaliwa hazimdhalilishi mtu zikitoka kwa rafiki anayesema wazi kwamba mwanawe alizivaa miezi miwili tu. Na zamu zisianze wiki ya kwanza, ambapo nyumba imejaa na kila mtu anataka kushika sufuria. Zianze wiki ya tatu, mama mkwe akishapanda basi kurudi kijijini na simu zikishanyamaza, ziende hadi arobaini itimie.