Mgeni Akifika Kijiweni: Kwa Nini Wenyeji wa Mtandaoni Wanang'ata?

Leo naomba tuongee jambo ambalo limenikaa kichwani wiki nzima.

Nilikuwa kafe hapa Babati, maeneo ya stendi, nimebakiwa na dakika kama ishirini za kulipia. Mashine ya pembeni kakaa dogo mmoja, kamaliza form four mwaka mmoja nyuma yangu. Kainamisha kichwa, hagusi kibodi, na hela yake inakwenda. Nikamuuliza vipi, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe.

Kumbe alijiunga na kundi moja la mtandaoni la watu wanaopenda kupiga picha za ndege na wanyama (jina naliweka kapuni). Akatundika picha ya viboko wa Ziwa Babati aliyoipiga kwa simu, akauliza afanyeje ili picha za alfajiri zisitoke na ukungu. Basi, ndiyo kosa lake. Yalikuja majibu kumi na kitu, hakuna hata moja lililojibu swali. Mmoja kamwambia simu ni ya kupigia, siyo ya kupigia picha. Mwingine kasema swali hilo limeshaulizwa mara mia. Wa mwisho akamtoa kwenye kundi. Dogo akaniambia, "Kaka, kwani intaneti ina wenyewe?"

Siku ile nilimjibu juu juu kwa sababu muda wangu ulikuwa unaisha. Leo namjibu vizuri, na wewe msomaji unayeingia mtandaoni kwa kulipia nusu saa nusu saa, sikiliza pia.

Ndiyo, ina wenyewe. Siyo intaneti nzima, ila kila kona yake ina wenyeji wake, kama kijiwe cha drafti. Nenda kijiwe chochote hapa mjini uone. Kibao kimoja, kete ni vizibo vya soda, wazee wamekaa hapo tangu asubuhi. Anayefungwa anapisha, hilo halijaandikwa popote lakini kila mtu analijua. Mgeni akija akakaa bila kuuliza, akasahau kula kete wakati kula ni lazima, wapambe wanamrukia kwa kelele mpaka anajuta. Mimi walinirukia nikiwa darasa la sita. Lakini palikuwa na mzee mmoja aliyeniambia, "Mjukuu, kaa hapa nyuma yangu uangalie mikono, usiangalie midomo." Nilikaa nyuma yake likizo nzima. Bila yule mzee, leo nisingejua hata kete inavyokwenda.

Sasa mtandaoni kelele zipo, tena nyingi, ila yule mzee wa kukwambia kaa nyuma yangu mara nyingi hayupo. Au yupo, lakini amechoka.

Kwa nini amechoka? Hapa kuna historia kidogo. Kabla ya hizi kurasa tunazozijua, kulikuwa na mtandao wa majadiliano unaoitwa Usenet, ulioanza karibu 1980 huko Marekani. Watumiaji wengi walikuwa watu wa vyuo vikuu. Kila Septemba wanafunzi wapya wakifungua chuo, waliingia kwa mkupuo, wanauliza yale yale, wanakosea yale yale. Wenyeji walinuna mwezi mmoja hivi, wageni wakashika adabu za pale, maisha yakaendelea. Halafu kuanzia mwishoni mwa 1993 kuingia 1994 makampuni kama AOL yakawafungulia wateja wao wa kawaida mlango. Wageni wakawa wanaingia kila siku, hakuna tena mwezi wa kupumzika. Wenyeji wakabaki wanalalamika kwamba Septemba ya 1993 haijaisha, na msemo huo upo mpaka leo.

Mwaka 1995 ikatoka hati ya mwongozo wa adabu za mtandaoni, inaitwa RFC 1855. Moja ya mambo inayoshauri ni kwamba mgeni asome mazungumzo ya kundi mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuandika chochote. Miezi miwili! Kwa mtu mwenye kompyuta ofisini sawa. Kwa dogo wa Babati anayelipia kila dakika, huo ushauri ni kumwambia asiandike kabisa. Sisi wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naona walikuwa na huruma zaidi, maana siku mbili za kula bure zipo, na jembe linatoka kwa mwenyeji.

Mfano ninaoupenda ni Wikipedia, ile kamusi elezo ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Pale wanaandika kwa kupenda tu, hakuna mshahara. Ile ya Kiingereza ina mwongozo kabisa unaosema wageni wasing'atwe, na mwingine unaosema mchukulie mwenzako kwamba ana nia njema. Karatasi nzuri hizo. Lakini mwaka 2013 watafiti, Aaron Halfaker na wenzake, walionyesha kwamba idadi ya wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilipanda mpaka 2007 ikaanza kushuka. Sababu kubwa waliyoiona ni kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wanafutiwa kazi zao, mara nyingi na programu za kukamata waharibifu ambazo hazitofautishi sana mharibifu na mtu anayejifunza. Mgeni akifutiwa kazi ya kwanza bila maelezo, harudi. Yaani sheria ya kutomng'ata mgeni ipo ukutani, na mashine ya kumng'ata ipo mlangoni.

Ila tusiwalaumu wenyeji tu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, na kati ya waliosukuma gurudumu miaka ya mwanzo ni Mtanzania mwenzetu Ndesanjo Macha, yule wa blogu ya Jikomboe. Wachache tu, wanaandika usiku na mchana. Mwishoni mwa 2009 Google wakaleta shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania: andika makala za Kiswahili, ushinde zawadi kama kompyuta ya mkononi. Makala zikaja kwa mamia. Noma ni kwamba nyingine zilikuwa tafsiri ya mashine, Kiswahili hakieleweki, na shindano lilipoisha mapema 2010 wengi wa walioandika hawakuonekana tena. Wenyeji wale wale wachache wakabaki na kazi ya kufagia. Jiweke kwenye nafasi yao. Mtu mwingine akija kesho na makala mbovu, utamkaribisha kwa tabasamu lile lile?

Kwa hiyo ishu ni ya pande mbili, lakini kwa maoni yangu mzigo mkubwa ni wa mwenyeji, kwa sababu yeye ndiye anayejua mlango ulipo. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili kuna vitu viwili navisifia. Kwanza ule ujumbe wa karibu ambao mgeni anaandikiwa kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Pili, makala fupi isiyokamilika wanaiita mbegu. Hebu fikiria tofauti ya kumwambia mtu makala yako ni mbegu, na kumwambia makala yako ni takataka.

Sasa wewe unayetaka kuingia kundi lolote, la drafti, la picha, la muziki, la kutengeneza simu. Usihangaike na miezi miwili, lakini soma dakika kumi kwanza. Tafuta kama swali lako lilishajibiwa. Ukiuliza, sema umeshajaribu nini, maana mtu aliyejaribu anasaidiwa upesi kuliko anayetaka kutafuniwa. Usinakili habari ya gazeti ukaibandika kama yako. Hiyo watafuta kwa sababu ya hakimiliki, wala siyo kwa chuki. Na ukifutiwa kitu Wikipedia, usilie kwanza. Fungua historia ya ukurasa, kila badiliko limehifadhiwa pale na mara nyingi kuna sababu imeandikwa. Muulize aliyefuta kwa upole, bila herufi kubwa. Herufi kubwa mtandaoni ni kupiga kelele.

Kitu kimoja cha sisi watu wa kafe hasa. Mashine zote za kafe huwa zinatoka nje kwa anwani moja ya mtandao. Jamaa wa mashine namba tatu akiandika matusi huko na anwani ikafungiwa, wewe wa namba tano unaweza kukuta mlango umefungwa na hujui umekosa nini. Ndiyo maana nasema fungua akaunti yako mwenyewe, ikiwezekana uifungue mapema kabla hujahitaji. Na ukimaliza toka kwenye akaunti kabla ya kunyanyuka. Nimeshakuta akaunti ya mtu iko wazi, na si kila anayekaa baada yako ana roho nzuri.

Dogo juzi nilimkuta tena. Safari hii alikuwa anaandika mistari minne kuhusu kata yao kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Kesho yake tukafungua pamoja: mtu kamsahihishia maneno matatu na kamwekea ujumbe wa karibu. Dogo akasoma ule ujumbe mara mbili, akasema, "Kumbe kuna mtu kasoma."

Lile swali lake la viboko na ukungu bado halijajibiwa. Mimi kamera sizijui. Kama kuna mdau anayepiga picha, simu ya kawaida tu, alfajiri, pembeni ya maji, naomba aandike hapo chini kwenye maoni. Dogo anapita kusoma kesho saa kumi jioni.