Mama, Usingoje Uchungu Peke Yake

Mama mpendwa, ikiwa mimba yako imefika mwezi wa tisa, wajua namna siku zinavyokuwa ndefu. Usiku hulali vizuri. Tumbo linakaza, kisha linalegea. Mgongo unauma, mkojo unakuja kila mara, na majirani wote wanauliza, "Bado?" Halafu siku moja waona jambo ambalo hukulitazamia: ute wenye damu kidogo, au nguo imelowa maji, au kichwa kinauma tangu asubuhi. Wamwuliza mama mkwe wako, naye asema, "Ngojea uchungu. Uchungu ukija utajua mwenyewe."

Neno hilo lina kweli nusu tu. Uchungu ni alama ya kuzaa, lakini hatari nyingi za mwezi wa mwisho huja bila uchungu wo wote. Mwanamke wa Runingu anayesema, "Nitaondoka uchungu ukianza," aweza kungojea kitu kitakachochelewa kuliko hatari yenyewe.

Tuanze na lile linalowasumbua wengi, yaani tumbo linalokaza. Tumbo la uzazi hujizoeza kazi yake kabla ya siku. Mwaka 1872 daktari mmoja wa Uingereza, John Braxton Hicks, aliandika juu ya mkazo huu, na mpaka leo waganga huuita kwa jina lake. Lakini bibi zetu waliujua zamani bila kusoma kitabu cho chote. Mkazo huo huja ovyo. Mara moja sasa, mara mbili baadaye, kisha kimya. Ukinywa maji, ukilala, au ukitembea kidogo uani, unapungua. Uchungu wa kweli haufanyi hivyo. Mara nyingi huanzia mgongoni na kuzunguka mpaka mbele. Huja kwa zamu, na kila zamu huwa karibu zaidi na yenye nguvu zaidi kuliko ile ya kwanza. Ukitembea, hauondoki. Tazama saa ya simu, uhesabu. Mwenye mimba ya kwanza huambiwa aende uchungu ukija kila dakika tano kwa muda wa saa nzima. Lakini shauri hilo linamfaa mtu anayekaa karibu na maternite. Wewe uliye mbali, ondoka mapema. Na ikiwa umekwisha kuzaa watoto wengine, usihesabu sana. Uchungu wako waweza kwenda mbio. Mama aliyepasuliwa katika uzazi uliotangulia asingojee nyumbani hata kidogo. Ahamie karibu na hospitali kabla ya siku zake, kwa ndugu au rafiki, maana kovu la zamani laweza kupasuka.

Ute wenye damu kidogo usikuogopeshe. Ni kizibo cha mlango wa tumbo la uzazi kinachotoka, na mtoto aweza kuja leo, au baada ya siku kadhaa. Lakini damu nyekundu inayotiririka kama ya mwezi, au zaidi, ni jambo jingine kabisa. Labda kondo la nyuma limekaa chini, mbele ya mtoto. Basi damu hutoka bila maumivu, na kwa sababu hakuna maumivu watu hudhani si kitu. Au kondo limebanduka kabla ya wakati, na tumbo likawa gumu kama ubao, lenye kuuma sana. Katika mambo haya mawili mwendo ni mmoja: hospitali, saa ile ile. Mtu ye yote asiingize kidole ndani ili kupima, hata kama ni mkunga mwenye umri na sifa. Kondo likiguswa laweza kumwaga damu ambayo haitazuilika kijijini.

Maji ya uzazi nayo hudanganya. Pengine hupasuka kwa wingi, pengine huvuja kidogo kidogo, na mama hufikiri ni mkojo. Vaa kitambaa safi, kaa kidogo, kisha tazama na unuse. Mkojo una harufu yake, na waweza kuuzuia. Maji haya huwezi kuyazuia. Yakiwa ya kijani au ya rangi ya udongo, mtoto amekwisha kunya ndani, naye huenda yu katika taabu. Lakini hata yakiwa meupe safi, na hata bila uchungu, nenda siku ile ile, kwa kuwa mlango umefunguka na vijidudu vyaweza kupanda. Usilale na bwana wako, wala usiweke dawa wala majani ndani.

Sasa nasema juu ya kichwa, na hapa ningependa usome polepole. Miguu kuvimba jioni baada ya kazi ya shamba la mpunga ni jambo la kawaida. Lakini uso na mikono ikivimba, kichwa kikauma bila kupoa, macho yakiona giza au vimulimuli, au maumivu yakishika chini ya mbavu, damu yako yaweza kuwa imepanda nguvu. Ugonjwa huu ukiachwa huleta kifafa cha mimba. Mama huanguka, hutetemeka, huuma ulimi. Na watu mlangoni husema ni pepo, wakatafuta mtu wa kumtoa. Si pepo. Ni ugonjwa wa mimba, nao una dawa. Mwaka 2002 ilitangazwa habari ya majaribio makubwa yaliyofanywa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, wenye ugonjwa huo wa damu kupanda: waliopewa salfeti ya magnesiamu, hatari yao ya kupata kifafa ilipungua kwa nusu. Ni dawa ya bei ndogo. Lakini haiwezi kuja kukutafuta nyumbani. Wengine wataka kuomba kwanza. Kuomba ni vema. Ombeni mkiwa njiani.

Na mtoto akinyamaza? Nimesikia mara nyingi kwamba mtoto aliye karibu kuzaliwa hupumzika ili kukusanya nguvu. Msiamini. Mtoto mzima hucheza mpaka siku ya kuzaliwa, hata kama namna ya kucheza inabadilika kwa kuwa nafasi imekuwa ndogo. Ukiona amepunguza, lala kwa ubavu wa kushoto, nyamaza, uhesabu. Asipocheza mara kumi katika muda wa saa mbili, nenda. Na kama humsikii kabisa, usihesabu, nenda tu.

Katika bonde letu la Ruzizi mbu ni wengi, kwa hiyo homa ya mwezi wa tisa isiitwe "joto la mimba." Pimwa malaria siku hiyo hiyo. Kuharisha kidogo kwaweza kutangulia uchungu. Lakini kuharisha maji matupu kama maji ya mchele si uzazi, ni kipindupindu, ambacho watu wa Uvira wanakijua sana. Mwasho mkali wa viganja na nyayo usiku, pasipo vipele, nao huonyesha taabu ya ini inayoweza kumdhuru mtoto. Uonyeshe kliniki.

Wengi wamjua Daktari Denis Mukwege kwa sababu ya hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999, na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2018. Si wote wanaojua kwamba alipoanza kazi yake, kijana bado, alikuwa Lemera, katika hospitali ya misheni juu ya milima yetu hii, naye alikuwa amekusudia kuwa mganga wa watoto. Huko aliona wanawake waliofika wakiwa wamechelewa, wenye kutoka damu na wenye kuchanika, wengine watoto wao wamekwisha kufa tumboni. Hayo yalimgeuza nia. Akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza kazi ya uzazi, akarudi mwaka 1989. Hospitali ile ya Lemera ilishambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa.

Basi fanyeni hesabu mapema. Twaa siku ya kwanza ya damu yako ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9. Ikiwa ilikuwa tarehe 10 Januari, tazamia tarehe 17 Oktoba. Watoto wachache huzaliwa siku yenyewe; wengi huja kati ya juma la 37 na la 42. Juma la 41 likipita kimya, nenda upimwe, wala usinywe dawa ya miti ya kuharakisha uchungu, kwa maana yaweza kupasua tumbo la uzazi.

Baba, maneno haya ni yako pia. Siku ya hatari huenda uko ziwani au sokoni Uvira, na mke wako anangojea ruhusa. Toa ruhusa leo, mbele ya mama yako, ili asikie kwa masikio yake. Weka fedha ya pikipiki kando, isiguswe kwa chumvi wala kwa sabuni. Kumbuka na mvua: Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukabeba nyumba za watu na kukata njia. Mito ya kwetu nayo hujaa kwa saa moja. Mimba ikiangukia masika, afadhali mama ahamie ng'ambo mapema.

Njiani, mama asilale chali. Alale kwa ubavu wa kushoto. Kama hawezi kupanda pikipiki, achukuliwe kwa tipoyi. Maji yakipasuka na kitovu kikatokea nje, msikirudishe wala msikivute. Apige magoti, kifua chini na makalio juu, abaki hivyo mpaka atakapopokewa. Na yule anayemsindikiza ashike fishi ya kliniki mkononi.