Taya la Mtoto Linapovimba

Tuseme wewe ni mkaaji wa Dagoretti Corner, na mtoto wako wa miaka sita amerudi kutoka kwa nyanyake Siaya taya likiwa limevimba. Meno yanalegea. Jirani anasema ni jino bovu tu. Wiki mbili baadaye uso mzima umebadilika.

Yaweza kuwa saratani ya Burkitt, inayoanzia kwenye chembe nyeupe za damu. Daktari Denis Burkitt, wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka wa 1958. Mwaka wa 1964, Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Karibu sote huambukizwa virusi hivyo kwa mate, wengi tungali watoto, na hatuumwi. Malaria ya mara kwa mara ndiyo huzidisha hatari. Ndiyo maana ugonjwa huu huonekana zaidi kando ya Ziwa Victoria na Pwani kuliko Nairobi kwenye baridi.

Mbona basi mwili usiviue virusi hivyo? Mfikirie fundi wa fanicha pale Ngong Road na kitabu chake cha michoro. Ukizibandika kurasa kwa gundi, hakuna mchoro uliofutika, lakini hawezi kuusoma. Ndani ya chembe, kitabu ni DNA, na gundi ni alama ndogo ziitwazo methili. Katika Burkitt, kurasa nyingi za virusi zimefungwa hivyo, na askari wa mwili hawavitambui. Tena kuna kosa la maandishi yenyewe: jeni iitwayo MYC huhama mahali pake, na chembe zikazaana bila breki.

Gundi hii hupatikana katika saratani nyingine za damu pia. Mwaka wa 2004 Marekani iliidhinisha azasitidini, dawa ya kuibandua, kwa ugonjwa fulani wa uboho unaowapata hasa wazee. Burkitt hutibiwa kwa dawa za kawaida za saratani, na watoto wengi hupona wakiwahi.

Kuwahi ndiyo kazi. Uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku chache mno. Jino lising'olewe kabla daktari hajatazama. Omba barua ya kwenda Kenyatta, kipande cha uvimbe kikapimwe. Ni njia hiyo hiyo ya Ngong Road kuelekea mjini. Ukifika, taja kwamba mtoto amekaa Siaya, na useme kama tumbo nalo limevimba.