Mkuu wa Chuo cha Uchawi

Wazazi wengi tunalalamika kwamba michezo ya kompyuta inawapumbaza watoto. Nami nilikuwa katika kundi hilo, mpaka jioni moja nilipoketi nyuma ya mwanangu akicheza Spellcaster University, mchezo uliotolewa rasmi mwaka 2021.

Humo mchezaji si shujaa mwenye upanga, bali ni mkuu wa chuo cha uchawi. Huvuta karata ili apate madarasa na mabweni. Masomo huzaa nguvu za uchawi, na nguvu hizo ndizo hununua karata nyingine. Fedha hazitoshi, na kila mwanafunzi ana tabia yake. (Hapo nilicheka, maana nimesomea ualimu.)

Lakini Bwana wa Uovu yuko njiani na jeshi lake. Siku yake ikiwadia chuo huanguka, na mkuu hukimbilia mahali pengine akaanze upya.

Mwanangu alipopoteza chuo chake cha kwanza, machozi yalimlengalenga. Sisi wenyewe tumehamishwa vituo mara tatu, naye kila mara huacha shule na marafiki. Nikamwuliza wanafunzi wake wamekwendaje.

“Waliohitimu wamekwisha kupata kazi, baba,” alijibu, akavuta karata.