Suruali Iliyozunguka Dunia

Haya, sogeeni. Mwenzenu kaniuliza: "Mjomba, mafundi wamejaa hapa Temeke. Mbona jinzi yangu imetoka Marekani?" Hongera, mwanangu! Hilo swali hata wakubwa hawaliulizi. Tuiulize suruali yenyewe.

"Mimi," ikasema suruali, "nimetembea kuliko nyote. Kitambaa changu kilifumwa China. Nikashonwa Mabibo, kwenye viwanda vya kuuza nje. Nikapanda meli, nikaenda Marekani. Nikavaliwa, nikachokwa. Nikafungwa kwenye balo, nikapanda meli tena. Balo likafunguliwa Tandika, mama yako akanichagua."

"Lakini Mabibo si hapo tu?"

Hapo tu, nauli ya daladala. Sasa fikirieni ua wa nyumba. Mlango ukifungwa, mnakula mlichopika. Ukifunguliwa, sahani za majirani zinaingia, na zenu zinatoka.

Zamani ua wetu ulifungwa. Kiwanda cha Urafiki, pale Ubungo, kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Bibi zenu walivaa khanga na vitenge vyake. Mwaka 1984 serikali ikaulegeza mlango: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta bidhaa. Mitumba ikaingia. Ikaingia, ikaingia! Asiye na kitu akapendeza. Hata mimi nilivaa, sifichi. Lakini viwandani wengi wakakosa kazi.

"Na sahani zetu zilitoka lini?"

Swali zuri! Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria ya AGOA, bidhaa nyingi za Afrika ziingie kwao bila ushuru. Ndipo cherehani za Mabibo zikapata soko. Ila huo ni mlango wao, na ufunguo wanao wao.

"Basi fundi wa Tandika aende Mabibo?"

Suruali ikacheka. "Mabibo nilipita mikono mingi. Huyu mfuko tu. Yule zipu tu. Siku nzima zipu! Tandika fundi mmoja alinifumua, akanipunguza kiuno, akanishona tena."

Mkiniuliza mimi, fundi huyo ndiye ajuaye suruali. Lakini oda ya suruali elfu moja ikija, nani atasoma vipimo? Nani atapiga hesabu ya kitambaa na kumwandikia mnunuzi kwa Kiingereza? Hayo huyapati kwa kukaa kibarazani na fundi, hata awe hodari vipi. Ndiyo maana kuna chuo cha ufundi cha VETA, hapo Chang'ombe, na ndiyo maana mtaala mpya wa mwaka 2023 umeweka mkondo wa amali, yaani stadi za kazi, sekondari.

"Mjomba, pamba si tunayo?"

Tunayo, Simiyu na Shinyanga. Nyingi inauzwa nje kabla haijawa uzi. Kufuma kunataka umeme usiokatika, fundi wa mitambo, na mtu wa kemia ajuaye rangi ya kitambaa itashikaje.

"Kemia ni ngumu?"

Ngumu, sikudanganyi. Mwite dada yako wa kidato cha pili, aje na daftari lake. Tuanze na hiyo rangi.